Dakika Mbili za Kupoza Tabo

Juzi fundi alifungua kifuniko cha rejeta ya gari langu, mvuke ukatoka, na ile harufu ikanipanda puani: utamu mzito wa ndizi mbivu iliyosahauliwa kapuni. Msinicheke. Mimi mwanamke mtu mzima, bibi wa wajukuu wawili, nilijikuta nimesimama katikati ya gereji nimebana miguu.

Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka saba, tukikaa Pasiansi. Baba alikuwa idara ya maji, akichimba visima katika vijiji vya ujamaa, na majirani walimwita Bwana Maji. Mhandisi wa Kiswidi aliyefanya naye kazi alipomaliza mkataba wake alimwachia gari, jekundu, lenye tabo. Sidhani kama Mwanza nzima kulikuwa na jingine. Sisi ni Wahaya, na mnajua tulivyo. Hakuna mgeni aliyemaliza chai yake bila kuelezwa tabo ni nini. Moshi wa injini, Baba alisema, huzungusha feni ndogo, feni nayo husukuma hewa ndani ya injini, na gari likapata nguvu ya magari mawili. Lakini kitu hicho huwaka kama jiko la mkaa, ndiyo maana Mswidi aliacha amri moja: ukifika, usizime injini mpaka zipite dakika mbili.

Amri ile Baba aliishika kuliko zile kumi za kanisani. Tukifika nyumbani alitazama saa yake na kusema, "Hakuna kushuka." Tulikaa mle ndani, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, injini ikinguruma, watoto wa jirani wamebandika pua kwenye vioo. Kwa nini na abiria wasubiri, sikuwahi kuelewa. Nadhani aliona ni utovu wa adabu kuiacha tabo ipoe peke yake.

Lakini gari lile halikuwa la maringo tu. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba iliyotangulia ilimtoka njiani, akisukumwa kwenye mkokoteni kwenda hospitali, kwa kuwa usafiri haukupatikana. Baba alikuwa ameapa kwamba safari hii Mama atafika akiwa amekaa kwenye kiti.

Ndipo gari likaanza kunywa maji. Kila Jumamosi Baba alijaza rejeta maji yaliyochanganywa na dawa ya kupoza injini aliyoiacha Mswidi, na tukirudi kutoka Kisesa kwa shangazi aliikuta imepungua. Alitandika magazeti chini ya gari. Asubuhi yalikuwa makavu. Alipapasa kila mpira na kila kibano kwa vidole, akalala chali chini ya injini mpaka shati likawa na rangi ya udongo. Hakuona hata tone. Majirani walimcheka kwamba Bwana Maji kaibiwa maji. Yeye hakucheka. Aliogopa injini ikichemka siku ya Mama itakuwaje.

Akamwita Fundi Masanja, jirani yetu, Msukuma mpole aliyetengeneza matrekta ya pamba. Masanja alizunguka gari mara tatu.

"Maji hayapotei bule, Bwana Maji," alisema. "Kama hayadondoki chini, basi injini inayala. Itabidi tuifungue."

"Na gasketi?"

"Gasketi ya gali hili? Labda umwandikie balua huyo Mswidi wako."

Nilimwona Baba akishika ukingo wa boneti. Hata mimi nilijua injini iliyofunguliwa bila gasketi mpya ya kuizibia inageuka kiota cha kuku.

Sasa niwaambie yangu. Kiti cha nyuma kilijaa mikungu ya ndizi za shangazi, kwa hiyo mimi nilikaa sakafuni, juu ya zulia, na barabara ikinibembeleza nililala. Jumamosi ya kwanza niliamka gauni limelowa, tena kwa maji ya uvuguvugu. Nilijua mara moja ni nini. Nilikuwa kikojozi, na mtaa mzima ulikuwa na wimbo wake kwa watoto kama mimi. Mama alikuwa ameniahidi kwamba nikikauka miezi miwili mfululizo, mtoto akizaliwa nitalala naye kitanda kimoja. Nilikuwa nimefikisha majuma manne. Ule utamu uliokuwa ukinukia nikausingizia ndizi.

Nilifunika palipolowa kwa kanga ya Mama. Tulipofika nyumbani, "Hakuna kushuka." Dakika mbili zile, nawaapia, zilikuwa ndefu kuliko Kwaresima. Nilikaa katika unyevu wangu, mlango umefungwa, watoto wananichungulia, nikiomba Mungu Mama asigeuke. Mlango ulipofunguliwa nilikimbilia karo la kufulia na kujimwagia ndoo, nikasema nasikia joto.

Jumamosi ya pili nikalowa tena, na ya tatu. Ajabu ni kwamba kila nilipoingia garini zulia lilikuwa kavu, linanukia sabuni. Nikadhani jua limenihurumia. Wakati huohuo Mama alilalamika kuhusu kipande chetu cha sabuni ya mche, maana sabuni ilikuwa ya kugawiwa dukani kwa zamu. "Ndani ya nyumba hii kuna mtu anaila?" aliuliza. Baba alikohoa, akatoka nje kutazama rejeta.

Juma la nne nikaacha kunywa. Tangu Alhamisi jioni nilimwaga chai yangu mgombani na uji nikampa paka. Midomo ilipasuka. Jumamosi nilipoingia garini sikuwa na hata mate, na Jumatatu yake ndiyo Masanja angefungua injini. Sikujua kwamba Ijumaa, nikiwa shule, Masanja alikuwa amejaribu hila yake ya mwisho. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati. Masanja alimwomba chupa ya jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda, akaimimina yote kwenye rejeta. Popote maji yatakapotokea, yataacha alama.

Niliamka tunaingia Pasiansi. Nilikuwa nimelowa. Kiu ya siku mbili, na bado nimelowa. Niliona basi, mwili huu hautaniachia. Gari likasimama, Baba akatazama saa.

"Hakuna kushuka."

Ndipo nikaona mikono yangu. Ilikuwa ya zambarau. Nikafunua kanga: gauni zambarau, mapaja zambarau. Nilielewa kwamba nimeukausha mwili mpaka umeanza kutoa rangi ya ndani, na kwamba nakufa. Siri niliyoibana mwezi mzima ikanitoka.

"Mama, nisamehe. Nimekojoa, na sasa nakufa."

Baba aligeuka akanitazama. Kisha akazima injini, palepale, hata nusu dakika haijapita. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada ya siku ile. Alinitoa sakafuni akanikumbatia na shati lake jeupe, na nilipoona mabega yake yanatikisika nilidhani analia. Labda alikuwa analia. Masanja alikuja, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, na sauti yake ikatoka humo ikicheka.

"Hita, Bwana Maji, kile cha kupasha gali joto kwa maji ya injini. Mswidi na balidi yake. Bomba la hita limetoboka, maji yanatambaa chini ya zulia mpaka kwa mtoto."

Alikata bomba lile, akaunganisha kipande cha mpira, na injini haikufunguliwa. Mwezi uliofuata Mama alifika hospitali akiwa amekaa kwenye kiti. Mdogo wangu nililala naye usiku wa kwanza alipoletwa nyumbani, na yeye ndiye aliyenikojolea.

Mwaka aliofariki Baba ndipo Mama aliniambia habari ya sabuni. Ile Jumamosi ya kwanza Baba alilipapasa zulia, akakuta limelowa. Alidhani ni mimi. Hakumwambia yeyote, hata mkewe. Kila Jumapili alfajiri alilitoa, akalifua, akalianika nyuma ya nyumba, akalirudisha kabla sijaamka. Maji aliyoyatafuta mwezi mzima alikuwa ameyakamua kwa mikono yake miwili, akayamwaga, ili mimi nisiaibike.

Juzi nilitoka gereji, nikaendesha taratibu mpaka nyumbani. Nilipofika sikuzima injini. Nilikaa dakika mbili, milango imefungwa, nikitazama saa. Gari langu halina tabo.