Breki Ziko kwa Babu

Babu na Bibi yangu wamestaafu kila kitu isipokuwa ubishi. Babu alikuwa mwalimu wa hesabu, Bibi alikuwa nesi, na miaka yote walikwenda kila mahali kwa baiskeli moja: Babu anaendesha, Bibi kakaa upande upande kwenye keria, mkoba magotini. Halafu presha ya macho ikaanza kumla Babu kidogo kidogo, mpaka akawa anaisalimia mihogo. Nyonga ya Bibi nayo ikakataa kupanda kitu chochote kirefu kuliko kigoda. Baiskeli ikahamiwa na kuku.

Ndipo shangazi, mtoto wao wa kwanza, akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Anakuja kuwachukua. Nyumba ifungwe, mikorosho akabidhiwe mtu. Babu alisikiliza kwa adabu, akarudisha simu yangu, akasema, "Mimi nikapangwe ghorofani kama nyanya."

Mwenye kosa ni mimi. Niliwaonyesha video ya wazee wawili wa nje huko wakiendesha baiskeli ndefu, ya chini, wamelala chali kama wanaota jua, miguu mbele, wote wanapiga pedali. Nilitaka wacheke. Hawakucheka. Bibi aliomba niirudie.

"Wa mbele ndiye anayeona njia?" Babu akauliza.

"Ndiyo."

"Na wa nyuma?"

"Anapiga pedali na kelele, Babu. Kama wewe darasani."

Kwetu mjukuu ni mtani. Babu ananiita mke mdogo, Bibi ananiita mke mwenza, kwa hiyo naruhusiwa kusema mambo ambayo mwingine angeyalipia kwa meno.

Baiskeli mbili kuukuu zikapelekwa kwa fundi wa kuchomelea pale Masasi. Bibi alichora chini kwa kijiti, Babu akapima mabomba kwa shubiri, kwa vidole. Viti walivisuka wenyewe kwa kamba walizofungua kwenye kitanda chao cha zamani, kile alichozaliwa juu yake shangazi. Fundi alizunguka kazi yake mwenyewe mara kadhaa, akauliza, "Mwalimu, hiki ni chombo au ni kitanda?"

"Wewe choma," Babu akasema.

Usukani ukawekwa mbele, kwa Bibi. Breki zote mbili zikawekwa nyuma, kwa Babu.

Nilimwambia fundi amekosea. Fundi akasema ameagizwa. Nikamwendea Babu. "Babu, mwenye macho hana breki, na mwenye breki hana macho. Hiyo hesabu ulifundisha wapi?"

Babu hakukasirika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alinieleza jinsi alivyomtoa Bibi kwao Newala, Bibi yuko kwenye keria, wanashuka ule mlima, waya wa breki ukakatika. Aliwasimamisha kwa kisigino. Kovu bado analo. "Tangu siku ile," akasema, "kumsimamisha huyu ni kazi yangu. Yeye aseme tu, nitasikia."

Kusema ndiko kulikokuwa na shida. Bibi hajawahi kumwamrisha Babu. Anamwita Baba Fulani. Huyo Fulani simtaji, ni shangazi, na anajua kusoma. Siku ya kwanza kujaribu uani, mpapai ukiwa mbele yao, Bibi alisema, "Baba Fulani, naomba kama hutojali upunguze kidogo." Alipofika kwenye "hutojali" walikuwa wameshafika kwenye mpapai.

"Bibi, sema breki. Neno moja," nikamwambia huku namtoa majani kichwani.

"Mume wangu si mbuzi, mke mwenza."

Shangazi akafika na viatu vyake vya mjini. Aliitazama ile kazi, kisha akatoa sharti. Waende sokoni na kurudi wenyewe, bila kuanguka, bila kusukumwa. Wakiweza, atarudi Dar peke yake. Wakishindwa, Jumatatu wanapanda basi wote. Babu akasema sawa kabla Bibi hajamaliza kuvuta pumzi.

Kutoka kwetu kwenda sokoni ni mteremko mtupu, na chini kabisa barabara yetu inagonga ya lami. Msimu wa korosho, malori hayakauki pale. Shangazi alitangulia akasimama kwenye makutano, mikono kiunoni. Mimi nilikimbia ubavuni mwao.

Mwanzo walikwenda vizuri. Watu walitoka madukani. Mmoja akauliza kama ni wagonjwa wanapelekwa hospitali. Babu alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu macho yaanze, na nadhani upepo ulimlevya, maana aliachia breki kabisa. Nikabaki nyuma. Ndala moja ikanitoka, kisha ya pili.

"Babu, breki," nikaita. Hakusikia. Cheni zilikuwa zinapiga kelele.

Lori la magunia lilikuwa linakuja, nililiona likichomoza juu ya paa la kibanda cha chipsi. Bibi alikuwa ameliona kabla yangu.

"Baba Fulani," akasema.

"Naam, Mama Fulani," Babu akajibu kwa furaha.

"Baba Fulani, kuna lori."

"Liko mbali?"

"Baba Fulani, naomba..."

Hapo akaliacha ombi njiani. Shangazi alikuwa ameweka mikono kichwani. Kisha Bibi akaita jina. Si Baba, si Mwalimu. Jina lake Babu alilopewa na mama yake, kavu, kama unavyomwita mtoto aliyeshika kisu. Na baada yake neno moja: "Kamata."

Babu akakamata. Tairi la nyuma likaenda pembeni, vumbi likawafunika, lori likapita na honi yake. Vumbi lilipotulia walikuwa bado wamelala vitini mwao, gurudumu la mbele kwenye ukingo wa lami. Hakuna aliyeanguka.

Shangazi alifika mbio. "Basi, mama. Imetosha. Shukeni."

"Sokoni ni hapo ng'ambo," Bibi akasema. "Na bado kurudi."

Walivuka. Walinunua dagaa na chumvi. Wakati wa kurudi, kilima kikawashika katikati. Nilikuwa nasikia Bibi anavyohema, na pedali zikaanza kugoma. Kwangu Jumatatu ilishafika. Ghafla baiskeli ikajongea. Shangazi alikuwa nyuma, viatu mkononi, kiganja kingine mgongoni mwa kiti cha kamba.

"Tumesukumwa," Babu akasema. Hadanganyi kwenye hesabu. "Haihesabiki."

"Sijasukuma," shangazi akasema. "Nimeegemea."

Jumatatu alipanda basi peke yake. Jioni hiyo Babu aliniita, "Mke mdogo, lete spana." Alipapasa mpaka akapata breki moja, akaifungua, akaipeleka mbele mwenyewe, kwa kugusa. Waya ilibidi nimfungie mimi.

"Hiyo nyingine iache hapo hapo," Bibi akasema kutoka jikoni. "Nikikuita, utashika."

Babu akafuta mikono. "Utaniita nani?"

Bibi akafunika chungu cha dagaa kwanza. "Itategemea mwendo," akasema.