Flashi ya Koti la Baba Mkwe

Hii naisimulia mwenyewe kwa sababu walioiona wengi wako hai na wanaitia chumvi, eti nilizimia. Sikuzimia. Nilipiga magoti mbele ya kompyuta, uani kwa wakwe zangu kijijini Mlola, watu wamejaa, nikaiomba msamaha (kompyuta!), na hiyo peke yake ni aibu ya kutosha, chumvi ya nini tena.

Wakati huo flashi ndiyo kwanza zinaingia Lushoto, nami nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye duka moja karibu na stendi, kwa hiyo ukweni nilihesabiwa mtaalamu. Baba mkwe alipoanza kuugua niliazima kamera ya dukani nikamrekodi akieleza ukoo na mipaka ya mashamba, vipande sita, kila kimoja kinaanza na kikohozi chake, mara mbili, maana hakuwa anasema neno bila kukohoa kwanza. Nikavitia vyote kwenye flashi kwa mkupuo, nikampa. Aliipenda! Alishinda nayo juani ndani ya koti lake la kijivu lenye kunuka moshi, anaigeuzageuza, anaisuguasugua kwa ukucha wa kidole gumba, anauliza, "Yaani humu ndimo nilimo?"

Sasa, kipande cha sita kina fedheha yangu. Anakohoa, halafu inasikika sauti yangu nyuma ya kamera nikimnong'oneza wifi yangu Mwajabu: "Huyu hafi leo wala kesho, tutamhudumia mpaka tuzeeke sisi." Mzee akatazama kamera moja kwa moja, akasema, "Nimekusikia, mwanangu." Mimi niliiacha kamera juu ya kigoda ikiendelea, nikakimbilia jikoni kutazama chai ambayo hata haikuwa imebandikwa, na Mwajabu nyuma yangu. Sikumwomba radhi. Nilisema nitamwomba kesho, na hiyo kesho nikaisogeza mbele mpaka akafariki.

Siku tatu kabla ya arobaini, mama mkwe alitoa lile koti lifuliwe, ligawiwe pamoja na nguo nyingine za marehemu, akaikuta flashi mfukoni. Akanipa. "Hadija mwanangu, ukaiandae. Utuletee na kompyuta, watu wamsikie mgosi wangu," yaani mumewe, kwa Kisambaa. Hapo ndipo ningesema tu, mama, humo kuna neno langu baya. Lakini mama yule alinipokea kama binti wa kumzaa, na nilijua akilisikia nimempoteza, basi nikajiambia nitalifuta kimyakimya, ni kubonyeza mara moja.

Kesho yake mchana niko dukani peke yangu, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, stendi haionekani. Nikachagua kipande cha sita, nikafuta. Kompyuta ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba haiwezi, kimefungwa. Kimefungwa na nani? Nikarudia, haiwezi. Nikajaribu kukibadili jina, haiwezi. Nikaamua kuisafisha flashi nzima, liwalo na liwe, haiwezi. Nikachomoa, nikazima mashine, nikawasha, nikachomeka upya, na kabla sijagusa kitu (naapa, sijagusa) sauti ikatoka yenyewe: kikohozi, mara mbili.

Nikaing'oa. Ilikuwa ya moto na inanuka moshi wa lile koti, na nikahisi kabisa kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nikageuka: mlango uko wazi, ukungu unaingia taratibu, hakuna mtu. Nikaenda nayo mbio duka la pili, kwenye kompyuta nyingine, mambo yakawa yaleyale. Basi nikaelewa kwamba mzee amekataa.

Arobaini ikafika. Dua ikasomwa, watu wakala, shemeji yangu Rajabu ambaye ni mwalimu akaweka kompyuta mezani. Ukungu ukashuka tena kwenye migomba mpaka waliokaa nyuma wakawa vivuli tu. Akachomeka. Kikohozi, mara mbili, na bibi mmoja akasema polepole, "Karudi."

"Baba, nisamehe!" nikapiga magoti. "Nilisema hufi leo wala kesho! Nilisema tutakuhudumia mpaka tuzeeke! Nimejaribu kulifuta umekataa, nisamehe baba!"

Shemeji Rajabu akazima sauti. "Ulijaribu kufuta, shemeji?"

"Mara ishirini!"

Akaichomoa, akaigeuza ubavuni. "Shemeji, hiki kijitufe kimesogezwa kwenye kufuli. Kikiwa hivi hakifutiki kitu humu."

Nani hakucheka! Hata aliyesoma dua alificha uso kwa kanzu, nami nikatamani ardhi ipasuke. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alinitazama, kisha akamwambia mwanawe, "Kiweke hicho anachokisema."

Kikohozi. Mnong'ono wangu. "Nimekusikia, mwanangu." Mimi sikuwahi kusikiliza kupita hapo, lakini kamera ilikuwa imeendelea, na mzee akasikika akicheka peke yake. "Amekimbia. Mimi mwenyewe nimejichoka, sembuse yeye. Msije mkamgombeza. Uji wake haujanifikia umepoa hata siku moja."

Mama mkwe alijisogeza, akanipa nafasi kwenye mkeka wake, na hapo nililia mpaka nikaona haya upya.

Tangu siku hiyo simsemi mtu kamera ikiwa wazi, na flashi yoyote naitazama ubavuni kwanza. Shemeji anasema kile kijitufe kilijisogeza chenyewe mfukoni. Huenda, ila mimi nakikumbuka kile kidole gumba. Sijakirudisha mpaka leo. Nikiichomeka anakohoa mara mbili, nami najibu nikiwa nimesimama, "Shikamoo, baba."