Mpira wa Winchi

Mwaka wa 1986 hapakuwa na haja ya kwenda uwanjani ili ujue Tewa FC ya Malindi itashambulia vipi. Bi Hindu, aliyeuza bajia kando ya ukuta wa uwanja, aliwapa wachezaji mgongo toka mwanzo wa mechi hadi mwisho, macho yake kwenye karai, na hakupitwa na kitu. Mpira ungetoka kwa beki hadi kwa Kazungu, winga wa kulia. Kazungu angekimbia nao mpaka karibu na kibendera cha kona, angeinua krosi ya juu, na krosi ingeshuka kichwani kwa Musyoka. Basi. La pili halikuwako.

Wachezaji wa zamani waliokaa juu ya ukuta, pamoja na mashabiki wao, walikuwa wameshaugeuza mchezo huo kuwa wimbo. "Moja, kulia," waliimba Kazungu akipokea. "Mbili, kona. Tatu, Winchi. Nne, kipa." Na nne ilikuwa kipa kweli, kwani kipa wa wageni alikuwa ameshasimama pale mpira utakapoangukia, akiungoja kama mtu aliyeandikiwa barua. Mechi tano zilikuwa zimepita bila Tewa kupata bao hata la kuokota.

Winchi ndiye Musyoka mwenyewe, nahodha na mshambuliaji wa kati. Alizaliwa upande wa Mwingi, akateremka pwani mwaka wa 1974 kutafuta kazi, akaipata katika hoteli moja ya watalii, kitengo cha dobi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba mashuka yaliyotoka mashineni hadi kwenye kamba za kuanikia. Shuka kavu ni kitambaa. Mashuka ya vitanda sitini yakiwa yamelowa ni adhabu. Yalimpa shingo nene na mabega mapana, na shingo ile ndiyo aliyokwenda nayo uwanjani. Mwaka wa 1979 alifunga mabao kumi na moja, yote kwa kichwa, watu wakambeba juu juu mpaka Muyeye alikokuwa amepanga chumba na mkewe Jedida. Jina la Winchi alilipata siku hiyo, kwa mfano wa ile mashine ya bandarini inyanyuayo makasha.

Mwaka wa 1981 akafanywa msimamizi wa dobi, na usimamizi ulikuja na kalamu. Hotelini walioajiriwa kwa kudumu walikuwa wachache. Wengine wote vibarua. Kila Jumatatu saa moja asubuhi vibarua walikusanyika lango la nyuma, Musyoka akawasomea majina ya watakaofanya kazi wiki ile. Watalii wakijaa, yalisomwa majina yote. Lakini Mei mpaka Julai hoteli hubaki na upepo wake, na katika majina ishirini yakasomwa saba, yakizidi sana manane.

Mwandishi wa orodha ile alikuwa Musyoka peke yake. Nafasi ilipotokea alichukua vijana wa timu. Angechukua nani, na ndio aliowajua? Kufikia mwaka huo ninaousema, katika wachezaji kumi na mmoja, saba walikuwa wakifua au kupiga pasi chini yake, na Mwalimu Gerishom aliyeifundisha timu alikuwa na mdogo wake kwenye meza ile ile ya pasi. Musyoka hakuona ubaya wowote. Alijiona amewasaidia, na tusimnyime haki yake, alikuwa amewasaidia.

Wimbo wa ukutani ndio uliomkosesha raha. Jumanne moja alimwendea Muhidin, kiongozi wa wenye kelele. Muhidin, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, alikuwa winga wa kushoto wa Tewa hadi goti lilipomsaliti, na sasa alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko. Alimkuta anatia tyubu kiraka.

"Salama, Muhidin?"

"Salama. Karibu, keti. Baiskeli i wapi?"

"Sikuja na baiskeli. Nimekuja kuuliza mmenichukia kwa nini."

"Hapana aliyekuchukia." Muhidin alisugua tyubu kwa msasa. "Sisi twausema mchezo. Mchezo wenu ni kama baiskeli iliyopinduliwa, gurudumu lazunguka, safari haiko."

"Kwa mchezo huo huo nilifunga kumi na moja."

"Mwaka wa sabini na tisa. Nilikuwako, na matatu katika hayo nilikutilia mimi. Leo kila mpira ukija una mabeki wawili mgongoni. Vijana wawaona, si vipofu, na bado wakupa wewe. Mwambire yuko peke yake kule kushoto, apunga mkono kama abiria aliyeachwa na basi, hapewi. Hilo si la mpira, Musyoka. Pana jambo."

"Jambo gani?"

"Silijui. Lakini Jumapili mwacheza na Ganda. Kazungu akifika kona, wewe chutama ufunge kamba za njumu. Chutama tu, kisha uone utaletewa nini."

Musyoka aliona anafanyiwa mzaha. Aliaga kwa ufupi akaenda zake, na njia nzima akawa anamjibu Muhidin maneno makali ambayo hakuyapata walipokuwa pamoja.

Hata hivyo neno likishaingia sikioni halitoki. Jumapili walicheza na Ganda, kipindi cha kwanza kikaenda kama kawaida, na ukuta ukaimba kama kawaida. Kipindi cha pili Kazungu alipoukata upande wa kulia na mpira, Musyoka alichutama ndani ya boksi la Ganda na kushika kamba za njumu. Mabeki wawili walisimama nyuma yake wakimngoja amalize, kwa adabu kabisa. Kwa chini ya kwapa alimwona Kazungu akifika kona na kuinua macho. Kazungu alimwona amechutama. Akamwona na Mwambire, peke yake mbele ya goli, mikono yote miwili juu. Kisha akapiga krosi, na krosi ikampata Musyoka mgongoni, katikati ya mabega.

Ukuta ulicheka mpaka Bi Hindu akageuka kuacha karai lake, mara ya kwanza msimu ule. Musyoka peke yake hakucheka. Mechi ikaisha suluhu bila bao.

Kesho yake, jina la Kazungu likiwa limesomwa, walikutana mchana kwenye kamba za kuanikia.

"Kazungu, jana uliniona nimechutama?"

"Nilikuona, mzee."

"Na Mwambire ulimwona?"

"Nilimwona."

"Sasa ilikuwaje?"

Kazungu alikuwa kijana wa Ganda, ana mke na mtoto mchanga. Alilibana shuka huku na huku kabla ya kujibu. "Mzee, mwezi huu majina yasomwayo ni saba."

"Majina na mpira yanahusiana wapi?"

"Mwezi wa tano tulipocheza na Vitengeni, Phineas alikunyima pasi akapiga mwenyewe. Jumatatu yake jina lake halikusomwa."

Musyoka aliduwaa. Phineas alichelewa kazini siku mbili mfululizo, na kwa ajili hiyo jina likaachwa. Hilo alilikumbuka vizuri. Pasi yenyewe hata hakuikumbuka. Lakini hakuna aliyemuuliza sababu, wala yeye hakuona haja ya kuitoa. Alisoma majina saba, akafunga daftari, akaingia ndani.

"Na nyote mnaamini hivyo?"

"Sote, mzee. Twaambiana, heri kukosa bao kuliko kukosa jina."

Alimwacha Kazungu na mashuka yake. Aibu ilimshika, na si haba, kwa kuwa alijua si mtu wa visasi na hapo palikuwa na watu saba waliokuwa wakimwogopa kila Jumapili bila yeye kujua. Lakini kilichomchoma zaidi ni kingine, na afadhali kisemwe. Alianza kurudi nyuma kimawazo, msimu kwa msimu, mpaka 1981, akijaribu kuupata mpira mmoja ambao angeweza kuapa kwamba alipewa Musyoka mchezaji, si Musyoka wa lango la nyuma. Hakuupata. Mtu aliyekuja Malindi hana ndugu hana jamaa, akajulikana mji mzima kwa kichwa chake, sasa hakujua kama kichwa hicho kina thamani yoyote.

Njia zilikuwa mbili: aache jezi, au aache kalamu. Mwenye akili timamu, ana miaka thelathini na minane na goti linalojua mvua kabla ya watu, angeacha jezi. Musyoka akaacha kalamu.

Jedida alipoambiwa aliweka chini mchele aliokuwa akiupeta. "Baba Mwende, usimamizi bila orodha ni nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Nataka nione ukiwa mtupu utafanywa nini."

"Utatemewa mate," Jedida alisema.

Alikwenda kwa Nyakio, karani wa ofisi ya wafanyakazi, akamwomba zamu za vibarua wa dobi zipangwe mpaka mwisho wa Julai, kila mtu kwa mzunguko wake, zipigwe taipu na kubandikwa langoni. Nyakio alimtazama kwa mshangao. Wasimamizi wengine walikuwa wakigombania orodha zao mpaka kutoleana maneno, na huyu anakuja kuitua. Alimwuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akaipiga. Jumamosi karatasi ilikuwa langoni, vibarua wamelizunguka lango, kila mmoja akifuata jina lake kwa kidole mpaka mwisho wa Julai. Musyoka hakuwahutubia, aliingia kazini.

Jumapili ile Kaloleni walishuka Malindi na lori zima la mashabiki. Mabeki wao wawili, majitu hasa, walikwenda moja kwa moja kwa Musyoka hata kabla ya filimbi na kumpa mkono, maana walijua watakuwa pamoja alasiri nzima.

Dakika ya sita beki wa Tewa akampa Kazungu.

"Moja, kulia," ukuta ukaimba. Kazungu akakimbia. "Mbili..."

Kazungu alisimama ghafla, akamtazama Musyoka, akawatazama na wale mabeki wawili. Kisha akaukata mpira ndani kwa mguu wa kushoto, mguu ambao Malindi nzima ilidhani hutumia kupandia baiskeli tu, akaupenyeza kwa Mwambire, na Mwambire akafunga. Wimbo ulikatikia palepale. Juu ya ukuta Muhidin alibaki mdomo wazi.

Tangu hapo Tewa ilishambulia kushoto, ikashambulia katikati, ikapiga mashuti ya mbali. Kuna jambo moja Phineas alilifanya kwa kisigino ambalo watu walilizungumza wiki mbili. Bao la pili likaingia. Musyoka alikimbia, alipunga mkono, aliita. Mpira ulipita kulia kwake na kushoto kwake. Hadi mapumziko alikuwa ameugusa mara moja, nayo ni ile ya kuanzisha mechi. Timu yake ilikuwa ikishinda kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, na yeye alikuwa mtazamaji tu.

Kipindi cha pili Kaloleni walirudisha moja, Mwambire akaongeza la tatu. Hapo ndipo wale mabeki wawili walipozinduka kwamba wanalinda mtu asiyepewa kitu. Wakamwacha, wakaenda kuwatafuta wengine.

Zikiwa zimebaki dakika kama tano, Musyoka alisogea mpaka kwenye pembe ya boksi akasimama hapo, bila mtu, bila kuita. Kazungu alikuwa na mpira kulia. Aliinua macho, akaona, akampa: pasi ya chini, laini, ya mguuni. Musyoka alikuwa hajapewa mpira wa mguuni kwa miaka. Aliutuliza, akapiga. Kipa aliruka akaukosa, na mpira ukapita kando ya mlingoti, kiasi cha upana wa kikombe, ukaenda kugonga ukuta chini ya miguu ya Muhidin.

Wale wa ukutani hawakuimba wala hawakucheka. "Pole, mwanangu," Bi Hindu alisema, na alikuwa anatazama.

Baada ya mechi Mwalimu Gerishom alikusanya jezi kwenye gunia. Vijana walikuwa wakirukiana mabegani. Musyoka aliketi kwenye nyasi akivua njumu taratibu, na Kazungu akaja akasimama mbele yake, jasho linamchuruzika.

"Jumapili ijayo ni Vitengeni, mzee. Utakuja?"

Musyoka aliitua njumu. Swali alilotaka kuuliza alikuwa nalo tangu asubuhi, na alikuwa akiliogopa. "Nikija, mtanipa mpira?"

Kazungu alifikiri. Musyoka alimwona akifikiri, na hilo peke yake lilikuwa jipya.

"Ukisimama mahali pazuri kama pale, nitakupa," alisema Kazungu. "Usiposimama, sikupi."

Ilimuuma Musyoka. Na papo hapo alitaka kucheka, kwa kuwa katika miaka mitano ya usimamizi wake hakuna kijana hata mmoja wa dobi aliyewahi kumwambia sikupi.

"Nitakuja," alisema.