Kosa la Elsie Nasipwondi

Ondiek, dereva wa kituo cha utafiti, ndiye aliyeleta habari. Aliingia bila hodi chumba cha mimea mikavu, akapiga makofi. "Mama Elsie, yawa! Huyu msichana wako Winny ako na macho! Amepata mmea hakuna mtu amewahi kujua duniani. Na ni hapo tu Port Victoria, kwenu."

"Vizuri sana," akasema Elsie, na jani alilokuwa akilinyoosha likavunjika vipande viwili mkononi mwake.

Ulikuwa wivu. Yeye mwenyewe aliuita wasiwasi wa kitaalamu, na alikuwa na maneno mazuri ya kuuvisha, lakini tusimsitiri bure: ulikuwa kijicho kitupu, kile cha kumtoa mtu hamu ya chakula.

Elsie alizaliwa Port Victoria, mama yake akianika omena. Watoto wenzake walipofukuza kuku wasidonoe samaki, yeye alikuwa pembeni mwa nyavu akianika majani, na akichapwa kwa hilo. Alisoma, akafika chuo kikuu, akarudi Kisumu kwenye kituo kidogo cha utafiti, na kwa miaka thelathini na moja akatembea ufuko wote wa ziwa, kutoka mdomo wa mto Sondu hadi mpaka wa Busia, akichuma, akibana, akikausha. Kule soko la Kibuye muuza magazeti makuukuu alimwekea mafungu yake. Wengine walinunua ya kufungia vitu, yeye ya kubania mimea. Matangani watu wakilia, Elsie hupotea nyuma ya nyumba, arudi na mkoba umejaa majani. Wengine waliamini anaroga. Wengine walimwomba dawa ya tumbo. Mimea yake ilifika elfu nne na mia nane, kila mmoja na namba yake, na sifa yake ilikuwa moja: Elsie hakosei. Mtu akishindwa kutambua mmea, aliambiwa, mpelekee Elsie, na yeye akishautaja, mjadala umekwisha.

Winny Akoth alikuja kutoka Sondu miaka sita iliyopita, hajui hata kukunja gazeti. Elsie alimfundisha yote. Karatasi hubadilishwa kila siku, la sivyo ukungu unakula kazi yako. Mmea hung'olewa na mzizi, na usirudi nyumbani bila ua na tunda. Alimpenda sana, kwa muda wote ambao Winny alitembea nyuma yake.

Sasa Winny alikuwa na mmea wake: kijimmea cha majimaji, ua la zambarau lisilozidi punje ya mtama. Aliandika makala, akayapeleka kwa jarida la wataalamu. Wakamjibu kwamba ua peke yake halitoshi, mmea huo una ndugu anayefanana nao mno, alete tunda kabla ya mwezi wa nne kwisha. Winny akarudi Port Victoria. Ziwa lilikuwa limepanda, limefunika ufuko wote, hata jani moja hakuona. Alirudi mara tatu. Elsie alipopata habari hiyo alisikitika kwa sauti, kisha akaenda kula chapati tatu na maharagwe, tena kwa raha.

Lakini kitu kimoja kilimkera. Ufuko ule ni wa kwao, ameukanyaga tangu utotoni. Angeupitaje mmea huo asiuone? Jumamosi moja, kituo kikiwa kitupu, akafungua makabati na kupekua majalada ya Port Victoria, moja baada ya jingine.

Aliukuta kwenye jalada la mwaka elfu mbili na tatu. Mzizi, majani, maua, na matunda sita yaliyoiva yamekaa vizuri kwenye karatasi ngumu. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, palikuwa na jina la gugu la kawaida la mashamba ya mpunga. Hakuwa ameupita. Aliuchuma miaka ishirini kabla ya Winny, akauita gugu.

Nyumba zote za mimea mikavu zina desturi moja. Jina lililokosewa halifutwi. Hubandikwa kijikaratasi chini yake, chenye jina sahihi, jina la aliyesahihisha, na tarehe, na vyote viwili hubaki hapo daima, kosa na masahihisho, kila ajaye asome. Elsie alishabandika mamia ya vijikaratasi hivyo chini ya majina ya maprofesa, Wazungu na marehemu, na hakuna kazi iliyompa utamu kuliko hiyo. Chini ya jina lake hakikuwapo hata kimoja.

Akautia mmea mkobani, akaenda nao nyumbani, akauficha chini ya nguo zake za kanisani.

Ulikaa siku tisa. Siku ya kumi alipofungua kabati aliona unga mwembamba juu ya kitambaa. Wadudu walikuwa wameingia, wamekwishakula tunda moja na kuanza la pili. Elsie akapiga ukelele. Elsie angeweza kumwangamiza Winny na kulala usingizi, lakini kuuachia mmea uliwe, hapana. Akaupangusa kwa brashi, akaufunga ndani ya jalada, akaenda nao kituoni mbio mbio, na kuuweka mezani mbele ya Winny.

Winny hakulifungua jalada. "Ni ile ya elfu mbili na tatu, Madam?"

Elsie akalivuta jalada upande wake. "Uliiona lini?"

"Mwezi wa pili. Nilikuwa natafuta kitu ingine."

"Na ukanyamaza? Na tarehe zinakwisha?"

"Sasa mimi nianze aje kubandika karatasi chini ya mwandiko wako?" Winny alikuwa akitazama mikono yake. "Nikasema wacha tu ipite. Mimea ni mingi. Juzi nikakuta haiko, nikajua uko nayo. Sikuwa na wasiwasi. Kwako iko salama."

Elsie akaketi. Alikuwa amejiandaa kwa furaha ya msichana huyu, hata kwa kejeli, na kila moja alikuwa na jibu lake. Kwa upole hakujiandaa. Alimtazama Winny na wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Macho makali angeweza kumsamehe. Sasa hata kwa moyo alikuwa amempita.

"Leta gundi," akasema kwa ukali. "Andika wewe, na herufi zisomeke. Na jina langu usilifunike."