Kilima cha Bibi Oliva

Kila asubuhi Bibi Oliva wa Masakta hupanda kilima chake, hurusha makapi kidogo hewani, kisha hushuka kuwaambia majirani kama leo mtama utapepeteka. Wataalamu walisimika mlingoti wa vipimo palepale, na baada ya miaka miwili wakatangaza kwa furaha kwamba pana upepo. Sasa wanakitaka kilima wajenge mitambo ya umeme, naye hataki kusaini.

"Bibi, upepo hauna mwenyewe," alibembeleza Akonaay, mwenyekiti wa kijiji.

"Basi kauchukueni kwako bondeni!"

Zita, ofisa wa mradi, akajikaza kuuliza swali lake moja.

"Bibi, unataka nini ndipo usaini?"

"Umeme uwake kwangu kwanza, ndipo uende Dar."