Sinki la Mgomba la Dada Elisifa

Kama humjui dada yangu Elisifa, basi wewe Machame hujafika, umepita tu. Ana ng'ombe wawili, kihamba cha kahawa na migomba, na mdomo ambao hata mchungaji anaukwepa. Kitu kisichofanya kazi mbili hakilali kwake. Kreti la soda asubuhi ni kiti cha kukamulia, jioni ni ngazi ya kumfikia kuku aliyepanda juu. Hata mimi kaka yake, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, nikienda kumsalimia narudi nimekata majani ya ng'ombe.

Mwaka huu akaamua kuwa na bafu la ndani. Tangu azaliwe ameoga nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa majani makavu ya mgomba, sabuni mkononi na jicho moja njiani. Sasa kile kistoo cha kando ya chumba chake, ambamo marehemu shemeji aliweka magunia ya kahawa, kikapigwa vigae. Choo kikakaa, bomba la kuogea likakaa. Likabaki sinki, na fundi Gidioni alikuwa anakuja kesho yake kuchukua jibu, liwe la aina gani.

"Nataka mambo mawili tu," Elisifa akaniambia. "Vitu vyangu vikae humo ndani, visilale sakafuni. Na mlango ufungwe. Nimechoka kuoga huku naitikia salamu za wapita njia."

"Hayo mwachie kaka yako."

Maana mimi masinki nayajua. Shule niliishia darasa la tano, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, lakini nimefanya kazi hoteli ya watalii pale Moshi mjini. Nimefuta masinki ambayo Wazungu waliyapiga picha!

"Chukua la mguu mmoja," nikamwambia. "Jeupe, pana, limesimama kama askofu."

"Na dawa yangu ya presha ikae wapi? Mfukoni mwa askofu?"

Kesho yake nikamkuta shambani na panga. Kaangusha mgomba uliokwisha kuvunwa, anaukatakata. Nikadhani ni chakula cha ng'ombe. Kumbe anachonga sinki! Gogo moja kalisimamisha bafuni, juu yake kaweka kipande kipana: hilo ndilo langu la mguu. Kipande kingine chembamba kakilaza juu ya kreti, kakiacha nje: hilo eti sinki la kabati, lenye pa kuwekea vitu chini, aliloliona dukani Bomang'ombe.

"Ingia unawe, bwana hoteli."

Nikaingia kwa madaha. Nikainama, nikajifanya nanawa uso.

"Funga mlango!" akaita kutoka nje.

Nikauvuta. Ukanigonga makalio. Nikageuka, ukanigonga kitambi. Ikabidi nipande juu ya kifuniko cha choo ndipo ukafunga. Nikashuka nikanawa vizuri sana, ila kutoka nako kukawa ni kupanda choo tena.

"Kaka, mbona kimya?"

"Nafikiri."

Gidioni alikuwa ameshafika. Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa. "Mama, tuweke sinki la kabati, au tuweke kabati la kumtunzia mzee?"

Nilipopanda na kushuka tena nikatoka, wakaliondoa langu, wakaingiza lile la kreti. Elisifa akaingia, mlango ukafunga bila ugomvi. Nami nikajaribu, kitambi kikapata nafasi yake. Ndani ya kreti akapanga dawa, sabuni, mafuta ya mgando, karatasi za chooni, na bado mswaki ukapata pa kulala.

"La kabati," akamwambia Gidioni.

"Ndilo nililokuwa nalipima tangu mwanzo," nikasema. Wakacheka, wivu tu.

Sinki langu lililiwa na ng'ombe mchana uleule, na jioni maziwa yakaongezeka. Nitajie sinki la dukani linaloweza hivyo.

Jumapili baada ya Gidioni kumaliza, nikatoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Elisifa. Nikagonga mlango wa bafu.

"Kuna mtu!"

Hee! Mnasikia hiyo sauti? Mwanamke amezeeka hajawahi kulisema neno hilo. Nikagonga tena makusudi, ili alirudie.

"Kuna mtu, nimesema!" Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, beti zote.

"Elisifa, toka basi, na mimi nataka kunawa!"

"Nenda kwenye uzio," akasema, akaanza wimbo mwingine.