Mjenzi Yule Yule

Siku niliyomwachia mama yangu mtoto, aliniambia jambo moja tu. "Ukipata kazi inayoeleweka, njoo umchukue. Kabla ya hapo usije kunililia hapa." Alikuwa anamenya muhogo, hata uso hakuinua. Nilikuwa nimemwachisha binti yangu ziwa majuzi tu, matiti yananiuma chini ya gauni, na nilimkasirikia mama kwa sababu alisema kweli. Chumba changu Magomeni, hii ya mji wetu wa kusini, kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na kompyuta ya ofisi. Baba wa mtoto alishahamia kwenye maisha mengine, na sitampotezea sentensi ya pili.

Kijiji cha mama kiko upande wa Ruvuma, pale maji ya mto yanapoanza kukolea chumvi na mikoko inaanza. Nyuma ya mikorosho yake unaiona Msumbiji. Unaweza kuwa umekaa jikoni kwa mama yako, unapepeta unga, simu ikakuletea ujumbe wa kukukaribisha nchi ya watu. Huko ndiko mwanangu alikojifunza kutembea.

Basi mimi nikarudi mjini kuitafuta hiyo kazi inayoeleweka.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari. Tulikuwa wawili, bosi na mimi. Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne. Programu nilijifunza kwenye mafunzo ya vijana, halafu nikaendelea mwenyewe kwenye mtandao. Tulichokuwa tunauza ni hiki: kampuni inatutumia hati zake zikiwa vyovyote vile, mkataba ulioandikwa kwa Word, jedwali la mizigo, stakabadhi iliyopigwa picha kwa simu mezani pamoja na kikombe cha chai, na sisi tunazirudisha zikiwa PDF safi, zina nembo ya kampuni, zimepangika, zimefungwa kwa nywila kama mwenyewe anataka. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye mashine za mbali ambazo bosi aliziita klaudi. Mimi nilisema wingu. Alikuwa ananisahihisha mbele ya wateja.

Nilipoanza, programu ilikuwa na amri moja ndefu kama mkufu. Aina ya faili, ukubwa wa karatasi, nembo, lugha, mhuri, nywila, maneno ya chini ya ukurasa, vyote kwa mstari mmoja na kwa mpangilio ule ule. Ukikosea nafasi moja, nywila ya mteja inachapwa mahali pa kichwa cha habari. Ilishatokea. Nikaivunja yote nikaandika upya kwa mtindo ambao wenye fani wanauita bilda. Mimi nilimwita mjenzi.

Mjenzi unamwambia kitu kimoja kimoja. Weka karatasi ya saizi hii. Weka nembo hii. Mhuri hawataki, basi unaruka, humwambii kitu. Anakusikiliza, anatunza, hafanyi lolote mpaka umwambie "jenga". Hapo ndipo anakutolea hati iliyokamilika, na kama umesahau kitu cha lazima anakataa. Nilimpenda kwa hilo la kukataa. Ukipita Mtawanya, pembeni mwa mji, utaona nyumba watu wamehamia zikiwa boma, dirishani wameziba gunia, na mwenye nyumba anakwambia atamalizia taratibu huku anakaa. Mjenzi wangu alikuwa hamwingizi mtu kwenye boma.

Alikuwa na tabia moja tu ya kuangalia. Anakumbuka. Ukimpa hati ya mteja wa pili bila kumbadilisha, yale uliyomwambia ya mteja wa kwanza bado anayo kichwani. Kwa hiyo sheria yangu ilikuwa kila hati na mjenzi wake mpya. Nilimweleza bosi kwa sufuria: huwezi kupikia dagaa halafu ukachemshia chai bila kuosha.

"Lakini anachelewa," bosi akasema.

"Anachelewa kwa sababu kila mara anavuta nembo na herufi upya kutoka kwenye wingu."

"Klaudi."

"Huko huko."

"Dada, mteja hanunui sufuria safi. Mteja ananunua chai."

"Yenye harufu ya dagaa?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na nilikuwa namchukulia poa kwa hilo. Siku hiyo hiyo ndiyo aliyonieleza kwamba kampuni moja kubwa ya korosho inakuja kuona kazi yetu, na ikikubali, ananiandikia ajira ya kudumu. "Mkataba, bima, likizo, kila kitu. Unamchukua mwanao, unatafuta chumba na sebule." Hata sebule aliitaja yeye. Nilimpigia mama jioni ile nikamwambia bado kidogo.

"Kidogo kiasi gani?" mama akauliza.

"Kidogo tu, mama."

"Haya. Mtu wako huyu hapa anakula ming'oko na maganda yake. Kama wewe vile vile."

Ming'oko ni mizizi ya porini tunayochimba huku kusini, inachemshwa, ukimaliza kuimenya vidole vinanata. Mimi utotoni nilikuwa naila na maganda na nilichapwa kwa hilo. Kusikia mwanangu anakula hivyo kulinifurahisha. Sikuwaza zaidi.

Wiki ya maonyesho kwa kampuni ile, mama akapiga, mtoto ana homa. Nilimwambia bosi naenda. Alisema nenda, mtoto kwanza, ila asubuhi ya maonyesho uwe umefika. Nilimwachia programu ikiwa imekamilika, nimeipima kwa hati za kila namna. Nalisema hili kwa sababu baadaye lilisemwa vingine.

Kijijini nilimkuta amelala mgongoni kwa mama, wa moto kama mkate. Zahanati walishampa dawa. Nililala naye kifuani, na homa ikawa inashuka inapanda. Asubuhi ya kuondoka ilikuwa imeshuka. Alikuwa mikononi mwa mama, ameshika pindo la kitenge changu, amelishika tu. Nilimfungua kidole kimoja kimoja.

"Subiri basi apate uji," mama akasema.

"Nitachelewa gari."

"Gari zipo kila siku."

"Kazi haipo kila siku, mama. Si wewe uliyesema?"

Alimgeuza mtoto upande wa pili asinione nikiondoka. Hicho kitendo, cha kumgeuza, ndicho ninachokiona mpaka leo nikifunga macho. Ningesubiri ule uji. Ulikuwa uko jikoni, umeshachemka, unapozwa.

Nilifika ofisini na vumbi langu. Bosi alikuwa ameshapanga viti na maji ya chupa. Akanisogelea na uso wa mtu aliyekuletea zawadi. "Nimekurahisishia. Sasa inakimbia."

"Umefanya nini?"

"Utaona mwenyewe."

Wageni wakaingia kabla sijafungua kompyuta. Walikuwa wawili, kijana wao wa mambo ya kompyuta, na mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima, amevaa baibui nadhifu, miwani kwenye mkufu. Bosi akaonyesha kwanza hati za ghala moja ambalo tulikuwa tunalihudumia, ili waone mfano. Hilo tu lilinikera. Hati za watu hazionyeshwi. Ikatoka haraka kweli. Kijana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha bosi akapakia hati ya wageni wenyewe. Ikatoka haraka vile vile, nembo yao juu, inapendeza.

Yule mama akavaa miwani. Alisoma kuanzia juu, taratibu, mpaka chini ya ukurasa, akaishia hapo. Halafu akasoma kwa sauti yale maneno madogo ya chini. Yalikuwa jina na anwani ya lile ghala la kwanza.

Nilielewa kabla hajamaliza. Bosi alikuwa ameondoa wajenzi wangu wote akabakiza mmoja, awe anatumika yule yule kwa kila mtu, asivute vitu upya. Na wageni hawa hawakuwa na maneno ya chini ya ukurasa, hivyo mjenzi hakuambiwa kitu kuhusu hapo, na asipoambiwa anaacha alichokuwa nacho. Akaacha cha jirani.

"Hawa tunawafahamu," yule mama akasema, kwa upole kabisa. "Ni majirani zetu. Za kwao mmezifungua mbele yetu. Sasa za kwetu mtakuwa mnazifungulia mbele ya nani?"

Bosi akacheka kile kicheko chake. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akanionyesha kwa mkono, kama unavyoonyesha ukuta wenye ufa. "Mtuwie radhi, mama. Binti alikuwa na udhuru wa mtoto, akaiacha haijamalizika. Mnawajua hawa kina mama vijana."

"Niliimaliza," nikasema. "Wewe ndiye umeifungua ukaivuruga. Sema."

"Dada, siyo hapa."

"Hapa hapa. Umesema hapa, tutamalizia hapa. Mtoto wangu usimtie kwenye uchafu wako."

Yule mama wa uhasibu alivua miwani, akanitazama, nikafikiri atasema neno. Alisema, "Pole, mwanangu," akabeba mkoba wake wakaondoka. Bosi alingoja viatu vyao vimalize ngazi. Akaniambia niache kompyuta mezani. Baadaye nilisikia alihamia kwenye programu ya kununua, ya huko nje, na mjenzi wangu kamfuta. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii, haipo tena mahali popote.

Watu wananiuliza kama najutia nilivyomjibu. Hapana. Ningemjibu tena, na zaidi. Ninachojutia ni uji. Nilimwacha mtoto mgonjwa nikakimbilia meza ambayo ilikuwa imeshaharibiwa kabla sijapanda gari, na miezi yote ile kabla ya hapo nilikuwa namjengea yeye, nasema namjengea yeye, wakati anajengwa na mwingine.

Nilirudi kijijini sina ajira, nimeshikilia mkoba tu. Mama alikuwa uani anabangua korosho, mtoto homa imeshamtoka, yuko nyuma ya nyumba anachezea mabibo ya korosho yaliyoanguka, mikono yote inanata. Mama aliniona tu akajua nimefukuzwa. Nikakaa kwenye kigoda nikachukua korosho na mimi.

Mama akapaza sauti akaita. Akaita jina langu. Si la shuleni, lile la nyumbani, la utotoni, ambalo ni yeye peke yake aliyewahi kuniita, na hajaniita nalo tangu nilipovunja ungo.

"Abee," nikaitika.

Na nyuma ya nyumba, sauti ndogo nayo ikaitika. "Bee."

Mama akacheka mpaka korosho zikamwagika. "Sijakuita wewe. Namwita mwenye jina."

Mwenye jina akaja mbio, akanipita, akajitupa mapajani kwa mama. Akamwita bibi yake "mama". Mimi alinitazama akaniita dada, kama watoto wa majirani wanavyoniita. Nilitazama jinsi mama anavyompangusa mikono, anaanza na kidole gumba, anamalizia kwa kukipuliza kiganja. Mimi nilipanguswa hivyo hivyo. Ming'oko na maganda, jina, kiganja. Mama hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia amwiteje, mimi nilikuwa mjini, naye akaendelea na alichokuwa nacho.

"Ana jina lake, mama," nikasema. "Limo kwenye kadi ya kliniki."

"Kadi haiiti mtu," akasema mama.

Nilimchukua hata hivyo. Mama akanikumbusha ile kauli yake ya kazi inayoeleweka, nikamwambia kazi zote nilizozielewa zimeshanitoka, nabaki na huyu. Tulizozana mpaka jirani akaja kusimama uwanjani kutusikiliza vizuri. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyemfungia nguo zake kwenye kanga, ameuma midomo, na akaweka ming'oko ya njiani.

Sasa nachapa na kubadilisha hati za watu kwenye duka la steshenari mjini, karibu na ninapokaa. Barua za kuomba kazi, vyeti, mikataba ya viwanja. Programu ni ya kununua, nabonyeza tu. Mtoto nakaa naye, analala chini ya meza kwenye mkeka.

Siku za mwanzo nilimwita kwa jina la kwenye kadi. Hakugeuka. Sikubembeleza, nikasema atazoea, nikaendelea kuliita asubuhi na jioni, naye anaendelea na shughuli zake kama vile naita mtoto wa nyumba ya pili. Jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama masikio yake ni mazima.

Halafu siku moja akatoka dukani nikiwa na mteja. Nilipoinua macho alishafika ukingo wa barabara, bodaboda inakuja kwa kasi yake. Nikamwita jina la kadi, kwa nguvu. Mguu mmoja akaushusha kwenye lami. Nikaita lile jingine.

Akageuka. "Bee," akasema, akarudi kwangu anatembea.

Tangu hapo ndilo ninalomwita. Kutwa nzima nipo pale dukani najiita mwenyewe, na anayeitika ni yeye.